Mizani ya Watafiti na Majibu ya Wakulima

(Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, iliyosomwa katika mkutano wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumepewa heshima kubwa ya kusema mbele yenu siku hii ya leo. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za magunia, madaraja ya korosho, minada na malipo, nao wameeleza vizuri kuliko tuwezavyo. Sisi tuliambiwa na Kamati ya Sherehe tuseme juu ya elimu na maendeleo ya mwanachama. Maneno hayo ni mapana kama shamba lisilo mpaka. Kwa hiyo tuliomba ruhusa, tukaipata, tuseme juu ya jambo moja tu lililomo ndani yake: wale watu wanaofika vijijini mwetu na karatasi za maswali, wakatuuliza twala nini, maji twachota wapi, watoto wangapi tumezika, fedha ya korosho twaitumiaje, na usiku usingizi twaupata au hatuupati.

Tusemapo "sisi" hapa maana yake ni ofisi ya chama kimoja cha msingi huko Newala, yaani katibu, karani wa mizani na mtunza ghala. Mambo tutakayoyasimulia tuliyatenda pamoja, na aibu yake tutaigawana sawasawa.

Kila mwanachama ajua desturi yetu ya ghalani. Gunia lipandishwapo juu ya mizani, mkulima husimama mahali anapoweza kuona mshale. Hasimami hapo kwa sababu karani ni mwizi, bali kwa sababu korosho ni zake. Naye karani ana haki yake, kwamba gunia lisiwe na mawe wala mchanga ndani. Utafiti nao ni mizani. Tofauti yake ni kwamba kinachopandishwa juu yake ni maisha yetu, tena mara nyingi sana mshale hatuuoni, na mara nyingine, ni lazima tukiri, mawe tumeyatia sisi wenyewe.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, alifika Masasi Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya mji wa Leipzig. Kutoka Masasi alipanda mpaka Newala akakaa huko kwa muda. Alikuwa na kamera, na chombo cha kunasa sauti, hata na chombo cha kupiga picha zinazotembea, wakati ambapo babu zetu wengi hawajapata kuona hata picha iliyosimama. Alinunua vinyago na vyombo vya nyumbani, akaandika mila za unyago na jando, akanasa nyimbo, akaondoka. Mwaka 1908 alitoa kitabu kwa Kijerumani, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Wengi wa wazee waliomsimulia mambo hayo hawakuweza kukisoma. Basi mzigo ulipimwa, mwenye mzigo hakuuona mshale.

Hata hivyo tusimtupe Bwana Weule pamoja na kitabu chake, maana alituhifadhia hadithi moja ambayo vijana wengi wa leo hawaijui. Wazee walimwambia kwamba hapo kale alikuwako kiumbe mmoja, bado hajawa mtu kamili, akikaa peke yake porini. Siku moja alichonga sanamu ya mti kwa umbo la mwanamke akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakateremka Ruvuma, mama akajifungua huko, mtoto akafa. Wakahama, akajifungua tena mahali pengine, mtoto wa pili naye akafa. Ndipo wakapanda juu ya uwanda, penye vichaka vizito, akajifungua mara ya tatu, na mtoto huyo akaishi. Basi kizazi kikaagizwa kikae juu, mbali na mabonde yenye maji mengi.

Tunapoisoma hadithi hii twaona kwamba wahenga wetu walikuwa watafiti. Walihesabu vifo vya watoto, wakalinganisha mahali na mahali, wakakata shauri. Hawakuwa na jina la mbu aenezaye malaria, walakini walijua kwamba bondeni watoto hufa zaidi. Lakini shauri lile lilikuwa na bei yake, na bei hiyo imelipwa tangu siku hizo kwa vichwa vya wanawake. Udongo wa uwanda wetu ni wa mchanga, hunyonya mvua yote, na chemchemi hutokea chini kwenye miteremko. Mwanamume alichagua afya ya juu. Mwanamke akateremka na kupanda na mtungi, baadaye debe, baadaye dumu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kupandisha maji kwa mitambo, na jina la mradi wa Makonde lajulikana mpaka leo. Lakini kila mmoja wetu ajua bomba ambalo limesimama kama mlingoti usio na bendera.

Sasa tuvuke Ruvuma. Upande wa Msumbiji kuna uwanda mwingine kama wetu, ni ule wa Mueda, na wakaaji wake ni Wamakonde, ndugu zetu wa damu na wa lugha. Huko walifanya utafiti watu wawili, mhandisi Sandy Cairncross na daktari Julie Cliff, wakaandika matokeo yake mwaka 1987. Walichukua vijiji viwili vilivyofanana kwa mengi. Kimoja, Namaua, kilikuwa na maji ya bomba katikati ya kijiji. Cha pili, Itanda, bomba lake halikufanya kazi, na wanawake walikuwa wakienda safari ndefu bondeni kama walivyokwenda mama zao.

Watafiti hawa hawakuuliza tu, bali walipima. Wakaona kwamba Itanda mtu mmoja alitumia lita 4 hivi za maji kwa siku, na Namaua lita 11 hivi. Tuzigeuze hesabu hizi ziwe za nyumbani kwetu. Nyumba ya watu watano yenye lita 4 kwa kila mtu inatumia dumu moja la lita 20 kwa siku nzima: kunywa, kupika, kuosha vyombo, kumwogesha mtoto, kufua. Nyumba ya namna hiyo hiyo huko Namaua ilikuwa na karibu madumu matatu. Na yale maji yaliyozidi yalikwenda wapi? Si katika vinywa, kwa maana kiu ya watu ni moja. Yalikwenda katika kuoga, kuosha watoto na kufua nguo. Kisha wakayatazama macho. Ugonjwa wa vikope, ule unaoleta upofu, ulionekana kwa watu 38 katika kila 100 huko Itanda, na kwa 19 katika kila 100 huko Namaua. Hiyo ni nusu kamili.

Wakaangalia pia wanawake wa Namaua walizitumiaje saa zile walizookoa. Walipumzika zaidi, walipika, walitunza watoto. Bwana Mwenyekiti, tulipoyasoma haya katika ofisi yetu mmoja wetu alicheka akasema, "Kumbe bomba limeletwa ili wanawake wapumzike!" Karani wa mizani, ambaye amelelewa na mama mjane, alimjibu kwamba hakumwona mama yake ameketi mchana hata siku moja mpaka alipougua. Kicheko kikaisha. Tangu siku hiyo neno "kupumzika" hatulihesabu tena kuwa uvivu tunapopanga mambo ya maendeleo.

Hapa ndipo inatupasa kueleza kosa letu. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, minada ikiwa imeanza na ghala limejaa, walifika vijana wawili, mvulana na msichana, kutoka chuo kimoja. Walikuwa na karatasi za nyumba 40. Walitaka kujua habari za maji, chakula, maradhi, ujirani, na fedha ya msimu inavyotumika. Waliomba tuwasaidie kwa kuwa sisi twawajua watu. Siku mbili za kwanza tulitembea nao. Siku ya tatu gari la kuchukua mzigo lilifika, makarani wakatuita, basi tukawaambia vijana wale: tuachieni karatasi 20, tutawajazia.

Tukazijaza, Bwana Mwenyekiti. Tulizijaza mezani pa mizani, kwa daftari la wanachama, usiku, kwa mwanga wa taa, huku tukihesabu stakabadhi. Kwa nyumba zote 20 mahali palipoulizwa maji hutoka wapi tuliandika "bomba", na mahali palipoulizwa mwendo wake tuliandika "dakika 15". Bomba lenyewe lilikuwako, ni kweli. Walakini lilikuwa halijatoa maji tangu kabla ya mikorosho kuchanua. Tulijua hivyo. Mmoja wetu alikuwa mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, na fedha ya matengenezo ilikwisha kuchangwa na kupungua bila fundi kuonekana. Tuliona haya kuandika ukweli mbele ya wageni. Hiyo ndiyo sababu, wala hatutafuti nyingine.

Msichana yule alichukua karatasi tano katika zile 20 akaenda kuzihakikisha mwenyewe, jambo ambalo hatukulitazamia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mwanachama wetu wa siku nyingi, mwenye mikorosho yake mwenyewe. Alimkosa. Jirani akamwambia kwamba bibi ameondoka na jogoo wa kwanza kwenda majini. Akangoja barazani mpaka jua limepanda. Bibi akaja, dumu kichwani, mjukuu nyuma yake na kidumu kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nitue kwanza."

Alipokwisha kutua na kupumua, msichana akamsomea karatasi yake: maji ya bomba, mwendo wa dakika 15. Bibi akamtazama, akauliza, "Aliyeandika hayo, mjukuu wangu, yeye anakunywa maji yapi?"

Msichana alirudi ghalani jioni. Hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Aliziweka zile karatasi 20 juu ya mizani yetu, akasema kwa adabu, "Ndugu Katibu, nizichane mimi au mtazichana wenyewe?" Tulizichana wenyewe. Kisha tukampa karani mwingine kazi ya ghala, tukatembea na vijana wale siku nne, mlango kwa mlango, tukisikia mambo ambayo kwa miaka yote ya utumishi wetu katika ofisi ile tulikuwa hatujayauliza. Tulisikia, kwa mfano, kwamba katika nyumba nyingi mvutano mkubwa wa mwaka hauji wakati wa njaa bali wakati wa malipo, mume anapopokea fedha yote kwa mkupuo mmoja na mke akiona baiskeli mpya au redio kabla hajaona madaftari ya shule. Habari hii haimo katika vitabu vya hesabu vya chama chochote, lakini yapasa kila ofisa anayepanga siku za malipo aijue.

Twamwomba bibi yule msamaha hapa mbele ya mkutano. Yupo, ameketi upande ule, na jina lake hatulitaji kwa kuwa hakutupa ruhusa.

Wenzetu watauliza, karatasi 20 za uongo zina madhara gani? Wapimaji wa Mueda wangejaza karatasi zao mezani kama sisi, Itanda nayo ingeonekana kuwa kijiji chenye bomba. Macho 38 yangeandikwa karibu na bomba lenye maji, na mtaalamu wa mbali angesema kwamba maji hayasaidii macho. Uongo wa kijiji kimoja hauishii kijijini.

Tuje katika chakula, na hapa twaomba mama zetu wasikilize kwa makini, na waume wasijifanye hayawahusu. Twapanda mihogo, mitamu na michungu. Michungu twaipenda kwa sababu nguruwe haili upesi na mwizi haitafuni njiani. Lakini ndani yake mna sumu, na mwaka wa ukame sumu huzidi. Sumu hiyo ikila mtu kwa majuma mengi, naye hana kitoweo cha maana, huweza kumletea ugonjwa uitwao konzo. Mtu hulala mzima akaamka miguu imekakamaa, asiweze kutembea vizuri tena maisha yake yote. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika huko mwaka 1938. Mwaka 1981, katika ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako waliuita mantakassa, na daktari Cliff yule yule wa vikope alikuwa mmoja wa waliouchunguza. Wala msidhani kwamba mto Ruvuma uliuzuia. Mwaka 2011 wataalamu wetu wa Tanzania, akiwamo Bwana Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walichapisha habari za konzo kusini mwa nchi yetu, Mkoa wa Mtwara ukiwamo.

Lililotushitua zaidi lahusu biashara. Huko Kongo, nchi ikiitwa Zaire wakati ule, watafiti waliona katika sehemu za Bandundu kwamba ugonjwa ulifuata barabara. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipokwisha kujengwa, wachuuzi walifika kununua mihogo, bei ikapanda. Wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo siku tatu wakaanza kuloweka siku moja au mbili, ili wapate mzigo upesi gari lisiwaache. Sumu ikabaki katika unga, na unga ule ndio waliopikia watoto wao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mchuuzi alitaka mzigo, mnunuzi wa mjini alitaka unga mweupe kwa bei nafuu, mama alitaka fedha ya chumvi na sabuni. Nani kati yetu anaponunua unga wa muhogo sokoni huuliza umelowekwa au kuanikwa siku ngapi? Twauliza bei, twatazama weupe, tunalipa. Basi vyama vyetu, ambavyo siku hizi vyapenda kuuza mazao mengine zaidi ya korosho, vikianza kununua makopa, visinunue kwa uzito peke yake.

Ipo njia nyepesi iliyofundishwa kwa mama wa Mtwara na wa Mbinga, ambayo ilibuniwa na Bwana Howard Bradbury wa chuo kikuu cha Australia. Unga wa muhogo huchanganywa na maji mpaka ulowane, ukatandazwa mwembamba juu ya mkeka, usizidi unene wa kidole, ukaachwa juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu hupaa kama mvuke. Kisha ugali hupikwa siku ile ile. Haigharimu hata senti moja. Pamoja na hayo, kunde, mbaazi, choroko na samaki husaidia mwili kuiondoa sumu, kwa kuwa vyakula hivyo vina kiungo cha salfa ndani yake. (Si ile salfa tunayopulizia mikorosho, asije mtu akaionja akasema Katibu ndiye aliyemwagiza.)

Lakini utafiti hauleti furaha siku zote, na mtu anayeutaka kwa furaha tu ataukimbia. Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na chuo cha London cha maradhi ya nchi za joto, ilifanya kazi katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala ikiwa mojawapo. Wanavijiji wa kujitolea walifundishwa kuzitembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga, wakishauri juu ya usafi wakati wa kujifungua, kumfunika mtoto, na kumnyonyesha maziwa ya mama peke yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Mazoea mengine mema yaliongezeka. Vifo vya watoto wachanga, walakini, havikupungua kuliko mahali ambapo wageni hao hawakwenda. Wako waliokasirika kusikia hivyo, wakisema, basi tulitembea bure. Sisi twaona kinyume chake. Kumbe ushauri wa nyumbani hautoshi ikiwa hospitali ni mbali, au ikiwa mama akifika anakuta pungufu la wauguzi na dawa. Jibu la "hapana" likipatikana kwa haki latuonyesha pa kuelekeza nguvu. Gunia likipungua kwenye mizani hatuivunji mizani.

Neno fupi juu ya maswali ya moyo, maana hayo huchekwa kuliko yote. Liko fungu la maswali 20 lililotungwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, nalo hujibiwa "ndiyo" au "siyo" tu: kichwa chakuuma mara kwa mara? Hamu ya kula imepungua? Usingizi wako ni mbaya? Wazee wetu huona ajabu mtoto wa watu kutoka mjini kuja kuwauliza usingizi. Lakini kwa lugha yetu sisi wenyewe twasema "fulani ana mawazo", na tukisha kusema hivyo twamwacha nayo. Tulimwona mwanachama mmoja katika msimu wa mwaka 2018, malipo yalipochelewa, akija ghalani kila asubuhi, akisimama tu kando ya mizani bila gunia. Hatukumwuliza hata moja ya maswali hayo 20. Tulimwambia malipo bado.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kusimulia tu, tuna shauri. Twaomba kila chama cha msingi kiwe na daftari la watafiti, kama tulivyo na daftari la wageni, lakini lenye kazi zaidi. Mtafiti akifika aandike jina lake, chuo chake, anachotafuta, na namba ya kibali chake. Kwa mtafiti wa kutoka nje kibali hicho hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na utafiti wa afya hupitiwa pia na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwanachama aambiwe waziwazi kwamba ana haki ya kukataa kuulizwa, na haki ya kunyamaza katika swali lolote, wala hatanyimwa pembejeo kwa sababu hiyo. Akikubali, aseme kweli. Na viongozi tusimsemee, hasa tusimsemee mwanamke juu ya maji, maana yeye ndiye ayabebaye.

Kisha pawe na nafasi ya jibu. Mtafiti aahidi kwa maandishi siku atakayoleta matokeo kwa Kiswahili, yasomwe katika mkutano mkuu, baada ya taarifa ya mizani. Asipoleta, Chama Kikuu kimwandikie barua, na barua ya pili. Vijana wale wawili tuliowaeleza walikuwa waungwana kuliko sisi, lakini chuo chao hakijatuletea hata ukurasa mmoja, na huu ni mwaka wa tatu. Tuliwaharibia karatasi 20 na tumekubali kosa. Nao tunawadai jibu la nyumba 40. Madeni haya mawili hayafutani.

Daftari la chama chetu tumekwisha kulinunua. Katika mstari wa kwanza tumeandika habari za vijana hao, tarehe waliyofika, idadi ya nyumba walizozitembelea, na karatasi tulizozichana. Bibi yule tuliyemtaja aliomba asomewe mstari huo, akasomewa, akasema tuongeze kwamba bomba lilitengenezwa mwezi wa Februari na likaharibika tena mwezi wa Juni. Tumeongeza. Nafasi ya jibu bado iko wazi. Daftari lipo juu ya meza iliyo karibu na mlango, pamoja na kalamu, kwa makatibu wa Masasi na wa Newala watakaotaka kuiga mistari yake kabla hawajaondoka.